Namna ya kusoma profoma ya gari jipya na kudai punguzo la kweli: mwongozo kwa mnunuzi wa Mtwara na Lindi

Minada ya korosho huanza Oktoba, na fedha zikishaingia kwenye akaunti watu wa Tandahimba, Newala, Ruangwa na Nachingwea huanza kuulizia magari. Wengi huagiza gari lililotumika kutoka Japani, na kwa hao Mamlaka ya Mapato (TRA) ina kikokotoo cha kodi kwenye tovuti yake. Huku nawaandikia wanaotaka gari jipya kabisa, zero kilometa, kutoka kwa wakala wa mtengenezaji Dar es Salaam: mfanyabiashara, mwenye hoteli, kampuni ndogo, AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima). Mnunuzi huyu hupewa profoma, yaani ankara ya awali kabla ya kununua: karatasi moja yenye bei kubwa, chini yake neno "punguzo", halafu anaambiwa ofa inaisha Ijumaa.

Ninachotaka ushike ni hiki: punguzo halipimwi kutoka juu, kwenye bei iliyotangazwa. Linapimwa kutoka chini, kwenye gharama iliyomfikisha muuzaji hapo. Bei ya kutangaza anaipanga yeye mwenyewe, kwa hiyo akipunguza milioni tano kutoka kwenye namba aliyoipanga hujajua bado kama umepata kitu.

Hatua ya kwanza: pata profoma iliyochambuliwa

Usikubali bei ya mdomo wala picha ya bango la WhatsApp. Omba profoma yenye jina lako, na ndani yake iandikwe aina kamili ya gari, ukubwa wa injini, mwaka wa kutengenezwa, bei kabla ya VAT, VAT yenyewe, usajili, vifaa vya ziada kimoja kimoja, na tarehe ya mwisho ya bei hiyo. Chukua profoma kwa mawakala wasiopungua wawili, hata kama moyo umeshaangukia gari moja.

Kwa miaka mingi mawakala walizoea kutaja bei kwa dola. Kanuni za mwaka 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zinataka bei za ndani ya nchi zitajwe na kulipwa kwa shilingi. Hata hivyo gari lenyewe limenunuliwa kwa fedha ya kigeni, hivyo uliza bei yako itabaki hiyo hiyo kwa siku ngapi. Angalia pia tarehe 1 Julai. Sheria mpya ya fedha huanza kutumika siku hiyo, na viwango vya kodi vikibadilika, profoma ya Juni huenda ikakataliwa Julai.

Hatua ya pili: elewa bei inavyojengwa

Mkulima wa korosho ana faida moja hapa. Anajua kwamba bei ya mnadani siyo inayoingia mfukoni: kuna makato ya ghala, ya usafirishaji, ya chama cha msingi na ya chama kikuu, na anayasoma yote kwenye karatasi yake. Bei ya gari ni hesabu hiyo hiyo ikipandishwa kwenda juu badala ya kushushwa.

Chini kabisa kuna CIF, yaani thamani ya gari pamoja na bima na nauli ya meli hadi bandarini. Juu yake unaingia ushuru wa forodha, ambao kwa magari ya abiria ni asilimia 25 ya CIF. Kisha ushuru wa bidhaa, unaotozwa juu ya jumla ya CIF na ushuru wa forodha: injini isiyozidi cc 1,000 haitozwi, kuanzia cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo ni asilimia 10. Zipo na tozo ndogo, kama ile ya maendeleo ya reli. Halafu inakuja sehemu ya wakala: gharama za bandarini na za wakala wa forodha, yadi, mishahara, riba ya benki kwa siku zote ambazo gari limekaa bila kuuzwa, na faida. Juu ya vyote hivyo kuna VAT, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18.

Tuweke namba, za mfano tu. Gari la cc 1,500 lina CIF ya shilingi 40,000,000. Ushuru wa forodha ni 10,000,000. Ushuru wa bidhaa, asilimia 5 ya milioni 50, ni 2,500,000. Tumefika 52,500,000. Wakala anaongeza 14,000,000 yake, inakuwa 66,500,000. VAT juu yake ni 11,970,000, na bei inayotangazwa ni 78,470,000. Karibu theluthi ya bei hiyo ni ya serikali, na hakuna afisa mauzo anayeweza kukupunguzia hata senti ya ushuru wa forodha. Mazungumzo yako yote yanafanyika ndani ya zile milioni 14.

Ukizijua, unazungumza na mtu. Usipozijua, unabembeleza.

Hatua ya tatu: itafute CIF mwenyewe

Wakala hatakutajia CIF yake, na usimlaumu kwa hilo. Lakini ipo njia ya kuikadiria. Mawakala wengi wana bei mbili kwa gari lile lile: bei yenye kodi, na bei isiyo na kodi kwa taasisi zenye msamaha, kama balozi na baadhi ya miradi ya wafadhili. Uliza zote mbili. Hakuna ubaya, ni swali la kawaida.

Kwa mfano wetu, bei isiyo na kodi ingekuwa milioni 54: CIF milioni 40 na sehemu ya wakala milioni 14. Sasa fanya hivi. Chukua bei yenye kodi, 78,470,000, igawe kwa 1.18. Unapata 66,500,000, yaani bei kabla ya VAT. Toa ile bei isiyo na kodi, 54,000,000. Inabaki 12,500,000, ambayo ni ushuru wa forodha na wa bidhaa kwa pamoja. Kwa injini ya kati ya cc 1,001 na 2,000, shuru hizo mbili kwa pamoja ni asilimia 31.25 ya CIF, kwa hiyo gawa 12,500,000 kwa 0.3125. Jibu ni milioni 40. Umeipata CIF kwa kikokotoo cha simu.

Injini ikizidi cc 2,000, gawa kwa 0.375. Ikiwa haizidi cc 1,000, gawa kwa 0.25. Pikapu na magari ya mizigo yana mpangilio wake wa kodi, kwa hiyo usiyatumie makadirio haya huko kabla hujapata viwango vyake TRA. Ofisi zipo Mtwara na Lindi, na kuuliza hakulipiwi.

Makadirio haya yana ukungu kidogo. Zile tozo ndogo zinaifanya CIF ionekane kubwa kuliko ilivyo, na wakala anaweza kuwa na faida tofauti kwa wateja wa msamaha. Hata hivyo ni bora mara mia kuliko kwenda mikono mitupu. Na hapo hapo jihadhari na upande wa pili: bei isiyo na kodi ndiyo husambazwa sana mitandaoni, kwa sababu ni ndogo na inavutia. Ukiona gari jipya linatangazwa kwa bei isiyoaminika, swali la kwanza liwe "Hii ni pamoja na kodi zote?"

Kuhusu ushauri wa Wamarekani

Vijana wengi hutazama video za Marekani zinazofundisha kununua gari kwa "bei ya invoisi", kisha wanamwendea afisa mauzo wa Dar na maneno hayo. Kule mazingira ni mengine. Sheria ya mwaka 1958 inataka kila gari jipya libandikwe kiooni lebo yenye bei iliyopendekezwa na mtengenezaji. Invoisi, yaani bei ambayo mtengenezaji anamtoza muuzaji, hutolewa hadharani na kampuni kama Edmunds. Mnunuzi ana namba mbili mkononi na anapatana katikati yake.

Lakini hata kule invoisi siyo sakafu. Watengenezaji kadhaa humrudishia muuzaji baada ya mauzo kiasi ambacho mara nyingi huwa asilimia 2 hadi 3, na huongeza motisha kwa anayefikisha lengo la mauzo au kwa magari yanayosuasua. Ndiyo maana mtu anaweza kukuuzia "kwa bei ya invoisi" na bado akapata faida yake. Hilo tu ndilo la kubeba kutoka kwao: karatasi ya gharama anayokuonyesha muuzaji siyo mwisho wa hesabu yake. Mengine hayaingii huku, kwa sababu kwetu wakala mara nyingi ndiye mwagizaji mwenyewe, bei haibandikwi kiooni, na kodi ni sehemu kubwa ya bei.

Hatua ya nne: tenganisha punguzo la fedha na punguzo la vitu

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza. Mfanyabiashara mmoja wa Tandahimba alipokea profoma yenye punguzo la milioni tano, akaniletea tuisome pamoja. Chini, kwa maandishi madogo, kulikuwa na safu ya vifaa vya ziada: kapeti, tinti, ngao ya mbele, kengele ya wizi, jumla shilingi 3,800,000. Akapiga simu akiwa pale pale.

"Dada, habari za kazi. Ninayo profoma yenu hapa."

"Karibu mzee wangu, umeiona ofa?"

"Nimeiona, nashukuru. Sasa naomba unitoe hivi vifaa vyote. Nitumie bei ya gari tupu, limesajiliwa kwa jina langu, na punguzo langu."

Kimya kidogo. "Mzee, ofa inakwenda na vifaa."

"Basi niandikie bila vifaa, nione ofa inabaki ngapi."

Profoma mpya ilipoingia, vifaa havikuwemo, na punguzo lilikuwa milioni mbili. Sehemu kubwa ya ile milioni tano ilikuwa bei ya vitu ambavyo hakuviomba. Milioni mbili siyo haba, lakini sasa alijua alipo, na mazungumzo yake yakaanza upya kutoka hapo.

Kifaa cha ziada kinaandikwa kwa bei ya rejareja, wakati muuzaji amekipata kwa chini ya hapo. Tinti ya milioni moja haimgharimu milioni moja. Kwa hiyo fedha kwanza, vitu baadaye. Na kama unavihitaji kweli, fundi wa Mtwara mjini anaweza kukufungia kapeti na tinti kwa bei yake. Cha kuuliza kabla ni kama ufungaji wa nje, hasa wa umeme, hautavunja waranti.

Jambo jingine wanunuzi hawalijui. Ukipunguziwa milioni tano kwenye bei yenye VAT, siyo yote inayotoka kwa wakala. Yeye anaachia takriban 4,237,000. Iliyobaki, kama 763,000, ni VAT iliyopungua kwa sababu bei imepungua. Kwenye mfano wetu sehemu yake inashuka kutoka milioni 14 hadi kama milioni 9.76. Akikuambia punguzo hilo linamla mzima mzima, unajua si hivyo.

Hapo hapo, usimsukume mtu hadi chini ya CIF na kodi ukidhani ni ushujaa. Biashara yake ina gharama, na wakala anayekuuzia kwa hasara atatafuta pa kufidia: kwenye sevisi, kwenye spea, kwenye riba.

Hatua ya tano: jua umri wa gari lililo jipya

Gari linaweza kuwa na kilometa 20 na bado limekaa yadini mwaka mzima. Kwa watu wa kusini jambo hili lina uzito, kwa sababu fedha ya korosho inaingia Novemba na Desemba, wakati mawakala wanataka kumaliza magari ya mwaka unaoisha kabla Januari haijayafanya yaitwe ya mwaka jana. Ni msimu mzuri wa kupatana. Lakini ukiuza baadaye, mnunuzi wako atasoma mwaka wa kutengenezwa, hatajali ulilitoa lini yadini. Punguzo la gari la namna hiyo lazima lifidie mwaka mmoja mzima wa kushuka thamani, siyo liishie kwenye fulana na mwavuli.

Muuzaji akisita kutaja umri wa gari, inama uangalie tairi. Ubavuni kuna namba nne mwishoni mwa msimbo unaoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Angalia tairi zote nne na ya akiba. Tairi halithibitishi tarehe ya gari, ila likipishana sana na maelezo uliyopewa, una sababu ya kudai nyaraka za forodha kabla ya kuendelea. Betri nayo iulize, maana gari lililosimama muda mrefu kwenye joto la pwani huichosha.

Ukikopa

Malizia bei ya gari kwanza, ndipo uzungumzie mkopo. Ukichanganya, utaonyeshwa marejesho ya mwezi tu, na marejesho madogo yanaficha mengi. Uliza neno moja: riba ni ya flati, inayohesabiwa kwenye mkopo wote hadi mwisho, au ya salio linalopungua kila unaporejesha? Mkopo wa milioni 40 kwa miaka mitatu, asilimia 16 kwa flati, ni riba ya milioni 19.2. Asilimia 16 hiyo hiyo kwa salio linalopungua ni riba ya kama milioni 10.6. Tofauti ya milioni nane na ushee inalimeza punguzo lolote ulilopigania wiki nzima. Pata ofa ya benki yako hapa hapa Mtwara au Lindi hata kama wakala ana benki anayoshirikiana nayo, ulinganishe riba, ada ya kushughulikia mkopo, na kama unalazimishwa bima ya kampuni fulani.

AMCOS na vikundi

Chama kikinunua gari, punguzo ni la wanachama. Profoma ziandikwe kwa jina la chama na zitumwe moja kwa moja na wakala, siyo kupitia simu ya mtu. Hapa ndipo "cha juu" hupenya: gari la milioni 74 linaandikwa 78, na tofauti inaishia mikononi mwa aliyeleta mteja. Kamati ipige simu ofisini kwa wakala, kwa namba iliyotafutwa na kamati yenyewe, na kuuliza bei ya mwisho ambayo chama kimepewa. Dakika tano tu. Mjumbe atakayechukia swali hilo amekwishajibu.

Na kama biashara yako imesajiliwa VAT, usihesabu kwamba utaidai VAT ya gari la abiria. Sheria kwa kawaida hairuhusu, isipokuwa kazi yako ni kuuza au kukodisha magari ya aina hiyo. Mwone mhasibu kabla hujalipa, siyo baada.

Malipo na karatasi

Lipa kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni. Siyo kwa namba ya simu ya afisa mauzo, hata awe mpole namna gani. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, yenye kiasi kamili ulicholipa na namba yako ya mlipakodi (TIN), kisha uihakiki kwenye mfumo wa TRA. Ukiambiwa bei itashuka ukikubali risiti ndogo, kataa. Hilo ni kosa kisheria, na siku gari likiungua au likiibwa utaanza kubishana na bima ukiwa na karatasi inayosema gari lako lilikuwa la bei rahisi.

Linganisha namba ya chesisi kwenye ankara, kwenye kadi ya gari na kwenye gari lenyewe, herufi kwa herufi. Bima ianze kabla gurudumu halijatoka getini.

Kulifikisha nyumbani

Kutoka Dar hadi Mtwara ni kama kilometa 560: Kibiti, Daraja la Mkapa, Somanga, Nangurukuru, Lindi, Mingoyo, hadi mjini. Kwenye mapatano iandikwe nani analipa dereva na mafuta, na nani anabeba hasara likitokea la kutokea njiani. Msimu wa mvua weka nafasi ya siku kadhaa. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara hii ilikatika na magari yakakwama.

Halafu sevisi, ambayo kwangu ina thamani kuliko kapeti na tinti zote. Waranti kwa kawaida inataka sevisi ifanywe na karakana iliyoidhinishwa. Kama karakana hiyo iko Dar tu, kila sevisi ni safari ya zaidi ya kilometa 1,100 kwenda na kurudi, mafuta, malazi, na siku mbili tatu bila kazi. Kwa hiyo wakati bei imefikia mahali wakala hataki kushuka tena, acha kuomba fedha. Omba sevisi mbili za mwanzo bila malipo, au fundi wao aje Mtwara, au wakuandikie kwa barua kwamba karakana fulani ya huku inakubalika na waranti haitaguswa. Kwa maofisa mauzo ni ombi jepesi kuliko milioni nyingine, kwako ni fedha ya kweli. Iandikwe kwenye ankara ya mwisho, ikiwa na mhuri, kabla hujahamisha fedha.